Fataki Iliyonyamaza

Fataki iliyomuumiza mdogo wangu haikuwa kubwa kuliko zote tulizokuwa nazo usiku ule. Lilikuwa boksi la ukubwa wa tofali, ndani limepangwa mirija ya karatasi ngumu, nje limechorwa nyota. Tuliliwasha, utambi ukaungua mpaka ukazama ndani, moshi ukatoka kidogo, kisha kimya. Tukasubiri. Watoto wakaanza kunung'unika. Mtu mmoja akapaza sauti kutoka kwenye viti, "Hiyo imekufa, leteni nyingine!" Mdogo wangu akachukua kiberiti, akarudi kwenye boksi, akainama kuangalia utambi umebaki kiasi gani.

Mrija wa kwanza ukafyatuka uso wake ukiwa juu yake.

Imepita miaka minane. Kila sikukuu zinapokaribia kuna ndugu au rafiki atakayenipigia simu kuniuliza kama ni salama kurusha fataki nyumbani, kwa kuwa wanajua yaliyotupata na wanajua pia kwamba familia yetu bado inarusha. Siwezi kuwajibu kwa neno moja. Huwa nawasimulia usiku ule tangu jioni, maana jeraha la mdogo wangu lilianza kuandaliwa saa nyingi kabla ya kiberiti kile, na mwandaaji mkuu nilikuwa mimi.

Fataki zilikuwa zangu. Zilibaki kwenye sikukuu ya mwaka uliotangulia, nikazitia kwenye mfuko na kuzisukuma kwenye kona ya stoo, mahali ambapo ukuta hulowa wakati wa mvua. Nilipozitoa, karatasi ya nje ilikuwa imelainika. Nikazianika mezani mchana mmoja, nikaona zimekauka, nikaridhika. Maelezo yaliyochapishwa ubavuni sikuyasoma hata ya moja. Kwangu fataki ilikuwa kitu cha kuwasha na kukimbia, na niliamini mtu mzima hahitaji kufundishwa hilo.

Viti tulivipanga uani kwa namna ya kumfanya kila mtu aone vizuri, yaani karibu. Nikikumbuka leo naona hatua nne au tano tu kati ya mstari wa mbele na mahali pa kuwashia. Mfuko wa fataki zilizobaki tuliuacha mdomo wazi, hatua mbili kutoka kwenye moto. Maji hayakuwepo. Hatukuwa tumekubaliana nani atawasha. Kila aliyejisikia aliinuka akawasha yake, na baadhi yetu tulikuwa tumekwisha kunywa. Taa za nje tulizizima ili anga lipendeze.

Na kabla hata ya lile boksi, tayari mtoto mmoja alikuwa ameungua.

Binti wa dada yangu alikuwa na miaka sita. Tuliwapa watoto vile vijiti vya cheche, vinavyoshikwa mkononi na kumwaga nyota ndogondogo, kwa sababu kila mtu anaviona kama kitu cha kuchezea. Mimi ndiye niliyewawashia, kimoja baada ya kingine, nikifurahia kuona nyuso zao. Kijiti chake kilipozimika alikidondosha, akapiga hatua, akakikanyaga. Alikuwa peku.

Kilio kile sijakisahau. Waya ulikuwa umelala kwenye nyasi, hauna mwanga, hauna cheche, na gizani hakuna aliyeuona. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba kijiti cha cheche kikiwaka hufikia nyuzi joto 1,000 za Selsiasi, na kuzidi. Maji huchemka kwenye 100. Aluminiamu, tunayotengenezea masufuria, huyeyuka kwenye 660. Zile cheche zenyewe ni chembe ndogo mno za chuma zinazoungua hewani, na kwa wepesi wake zinaweza kugusa mkono wa mtoto bila kumwachia alama. Hapo ndipo wazazi tunapodanganyika. Tunaona cheche hazimuumizi, tunasahau kwamba katikati yake kuna waya uliopitiwa na moto mkali kiasi hicho, nao waya haupoi kwa sababu mwanga umezimika.

Shangazi mmoja akaja na dawa ya meno. Mwingine akasema barafu. Tukampaka dawa ya meno unyayo mzima, ikakauka ikagandamana na ngozi, na kule hospitali muuguzi alilazimika kuiondoa kidogo kidogo ndipo jeraha lionekane, mtoto akilia upya. Muuguzi yule hakutukemea. Alitueleza taratibu, na maneno yake ndiyo nimekuwa nikiyarudia kwa kila anayenisikiliza: mtu akiungua, maji baridi ya kawaida yanayotiririka, kwa dakika 20 zilizohesabiwa kwa saa, na hata ukichelewa kuanza, maji hayo bado yana faida ndani ya saa tatu tangu aungue. Vua kiatu, pete, bangili, kabla sehemu haijavimba, lakini nguo iliyoshikana na ngozi usiivute. Usipasue malengelenge. Usitie mafuta, yai, dawa ya meno wala barafu. Funika kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, kisha nenda hospitali, hasa kama ni uso, mkono, mguu au sehemu za siri, na hasa kama ni mtoto. Dakika 20 ni nyingi ukiwa umemshika mtoto anayelia. Sisi hatukumpa hata moja.

Ungetegemea kwamba baada ya hapo tungesimamisha shughuli. Dada yangu aliingia ndani na mwanawe, wengine tukabaki nje kwa maneno ya kuwafariji watoto waliobaki: tumalizie zilizopo, tuingie. Huo ndio uamuzi ninaoujutia kuliko yote. Lile boksi lilikuwa miongoni mwa zilizopo.

Mdogo wangu hakuanguka. Alirudi nyuma akiwa ameshika uso kwa mikono miwili, na mirija mingine ikaendelea kufyatuka nyuma yake, nyekundu, kijani, nyekundu. Watu wa viti vya nyuma walishangilia, kwa kuwa hawakuwa wameona. Nilipomfikia alikuwa anafikicha jicho la kushoto. Tulimmwagia maji. Tukamfunga kitambaa kwa kukaza, tukidhani tunazuia damu. Mtu akampa vidonge vya maumivu vilivyokuwa karibu. Yote manne, kufikicha, kumwagia maji, kukaza kitambaa, na aina ile ya vidonge, yalikuwa makosa.

Daktari wa macho alinichorea kwenye karatasi. Jicho lililopigwa na fataki lichukulie kama limepasuka mpaka mwenye vifaa athibitishe vinginevyo. Ukilikandamiza, unaweza kusukuma nje vilivyomo ndani yake. Kufikicha ni kukandamiza. Kitambaa kilichokazwa ni kukandamiza. Maji yanaweza kuingiza uchafu palipochanika. Dawa kama aspirini na ibuprofeni zinaweza kuzidisha kuvuja damu. Kinachotakiwa ni kulikinga lisiguswe na chochote: kata kitako cha kikombe cha karatasi, kiegemeze kwenye mifupa inayozunguka jicho bila kugusa jicho lenyewe, kishikize, umwahishe hospitali akiwa ameinua kichwa. Kama kuna kitu kimenasa ndani, usikitoe wewe.

Jicho lake halikupona lote. Kwa upande ule anaona mwanga na vivuli. Ukikaa naye muda mfupi hutagundua, mpaka umwone akimimina maji: hugusisha kwanza mdomo wa chupa kwenye ukingo wa glasi ndipo amimine, kwa sababu kwa jicho moja ni vigumu kujua glasi iko umbali gani. Kila nikiona chupa ikigusa glasi moyo wangu hushtuka, na nadhani itakuwa hivyo maisha yangu yote.

Miezi iliyofuata nilishindwa kulala vizuri, na badala ya kulala nikawa nasoma. Nilitaka kuelewa kwa nini kitu kilichonyamaza kwa zaidi ya dakika moja kiliamka. Jibu limo ndani ya baruti yenyewe. Baruti ya kale, iliyogunduliwa China zaidi ya miaka 1,000 iliyopita na ambayo bado ndiyo inayorusha fataki nyingi, ni mchanganyiko wa vitu vitatu: shura, ambayo ni aina ya chumvi, kwa sehemu 75 katika 100, mkaa 15, salfa 10. Mkaa na salfa ndivyo vinavyoungua. Shura kazi yake ni kutoa oksijeni. Moto wa kuni ukiufunika hufa kwa kukosa hewa. Baruti imebeba hewa yake mwenyewe, kwa hiyo inaweza kuendelea kufukuta ndani ya mrija uliozibwa, mahali ambapo jicho halioni chochote. Utambi uliopata unyevu hauungui kwa mwendo mmoja. Huenda ukasinzia, kaa dogo likatambaa polepole kwenye nyuzi mpaka likafika palipo pakavu, na hapo ndipo hufyatuka kwa nguvu ile ile iliyokusudiwa tangu mwanzo. Ukuta wangu wa stoo ndio uliofanya kazi hiyo.

Nilipomweleza mdogo wangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia jambo ambalo sikulikuta mahali popote nilipokuwa nasoma. "Kaka, mimi nilijua kwamba haifai kurudi. Nilirudi kwa sababu watu walikuwa wananiangalia."

Nimelitafakari sana hilo. Mwenye kuwasha fataki husimama mbele ya familia yake, taa zimezimwa, macho yote kwake. Fataki ikigoma, ukimya unakuwa kama kosa lake. Watoto wanalalamika, wakubwa wanatoa ushauri, na kila sekunde inazidi kuwa nzito. Kurudi kuangalia kunamtoa kwenye aibu ile. Maonyo yote yaliyochapishwa kwenye maboksi yanamwambia mtu asirudi, lakini hayamwambii afanye nini na watu thelathini wanaomtazama. Ndiyo maana siku hizi nikiulizwa kuhusu usalama wa fataki naanza na watazamaji. Nao wafundishwe kabla ya fataki ya kwanza. Waambiwe kwamba inaweza kugoma, kwamba ikigoma hakuna atakayesogea, na kwamba hakuna atakayepaza sauti kumhimiza aliyesimama mbele.

Kwa miaka mitatu hatukurusha chochote. Aliyetaka turudi ni yeye mdogo wangu, wala si watoto. Alisema hataki wanawe wakue wakidhani fataki ni kitu kilichofichwa kwa sababu ya baba yao, kisha siku moja wakawashe kwa siri na wenzao. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nikakubali kwa sharti kwamba tutaandika taratibu zetu na kila mtu azisome. Akasema yeye ndiye atakayehesabu.

Kuhesabu ni hivi. Kanuni za Marekani zinataka utambi wa fataki inayouzwa kwa watu wa kawaida uungue kwa sekunde zisizopungua 3 na zisizozidi 9 kabla ya moto kufika kwenye baruti. Sekunde 3 zinatosha mwashaji kuondoka. 9 ni ukomo, ili asije akadhani imekufa na kurudi. Kwa hiyo utambi ukishika moto, mdogo wangu, akiwa kwenye kiti chake, huhesabu kwa sauti. Watoto humfuatisha. Ikifika tisa bila kitu, hutamka, "Imenyamaza," na kuanzia neno hilo fataki ile ni hatari kuliko zote tulizorusha usiku huo. Tulikubaliana kwamba ikinyamaza moja, usiku wa fataki umeisha. Hatuwashi nyingine pembeni yake, hatuiruki twende inayofuata. Jamaa zangu wengine wanaona sheria hii ni kali mno, wanasema inatosha kusubiri. Mimi naijua nguvu ya macho ya watu, na sitaki tena kumweka mtu yeyote kwenye jaribu lile.

Mwashaji ni mmoja, nami ndiye niliyejitwika. Situmii kilevi siku hiyo tangu asubuhi. Navaa miwani ya kinga, viatu vya kufunika, na nguo za pamba zinazobana kidogo, kwa kuwa nailoni na polista zikishika cheche huyeyuka na kugandamana na mwili. Naacha kiberiti na kutumia njiti ndefu inayofuka polepole, mkono umenyooka, mwili ubavuni mwa fataki. Hakuna sehemu yangu inayopita juu ya mdomo wa mrija, hata ninapoweka, hata kabla sijawasha. Hili la mwisho ndilo gumu kuzoea, maana mtu hupenda kuchungulia.

Kuhusu umbali, nilikuwa nakadiria kwa macho, na macho hudanganya hasa unapotaka watu waone vizuri. Siku hizi napima kwa kamba. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2013 imezigawa fataki kwa makundi, na ukiikuta alama hiyo kwenye boksi inakusaidia: F1 ni zile ndogo, umbali wake kwa uchache mita 1, F2 ni za uani, mita 8, F3 ni za eneo kubwa la wazi, mita 15, F4 ni za wataalamu peke yao. Huo ni umbali mdogo kabisa unaoruhusiwa, na boksi lenyewe linaweza kutaka zaidi. Nachukua kilichoandikwa kwenye boksi, nakizidisha mara mbili, na kama ua hautoshi basi fataki hiyo si ya nyumba yangu. Zipo nchi zenye msimamo mkali zaidi. Ireland, kwa mfano, mtu wa kawaida anauziwa F1 tu. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, uliza sheria ya mahali unapoishi inasemaje. Na iliyotengenezwa na mtu nyumbani kwake usiiguse, hata akiwa rafiki yako.

Viti hukaa upande upepo unakotoka, ili moshi na masalia yaende mbali na watu. Upepo ukiwa mkali hatuwashi. Nimewahi kuahirisha sikukuu mbili mfululizo kwa sababu ya upepo, na watoto walilia, nikawaacha walie.

Nitakaa kidogo kwenye jambo la kusimamisha maboksi, kwa kuwa watu wengi hawalijui na lilikaribia kutuumiza mara ya pili. Kila mrija unapofyatua kwenda juu, unalisukuma boksi kwenda chini. Kwenye ardhi laini au nyasi, boksi hukaa vizuri kwa mrija wa kwanza na wa pili, kisha huanza kuinama, na mrija wa kumi unaweza kuwa umelala ukitazama watu. Mwaka wa kwanza tuliporudia kurusha, boksi letu lilipinduka hivyo. Mpira mmoja wa moto ulipita juu ya nyasi ukagonga ukuta. Umbali ndio uliotuokoa, kwa kuwa viti vilikuwa mbali na tuliviweka upande mmoja tu. Tangu hapo naweka ubao mpana au jiwe la bapa chini, na matofali kuzunguka pande zote nne mpaka juu ya nusu ya boksi. Wengine hulifukia nusu kwenye ndoo ya mchanga, nayo ni njia nzuri. Kurusha kwa kushika mkononi, au kuweka kwenye chupa ya kioo inayoweza kupasuka, hakuna sababu yoyote ya kuhalalisha hilo.

Fataki nyingine zote hukaa kwenye boksi lenye mfuniko, mbali na pa kuwashia, na hutolewa moja moja. Kamwe usizitie mfukoni. Zilizobaki siziweki tena hadi mwaka unaofuata. Iliyowahi kulowa haianikwi, inaharibiwa.

Vijiti vya cheche bado tunawapa watoto, wenye miaka zaidi ya mitano, na wote wakiwa na viatu. Kila mtoto na mtu mzima wake pembeni, glavu mkononi, kijiti kimoja kwa wakati mmoja, mkono umenyooshwa mbele, hakuna kukimbia wala kupeana. Mbele ya kila mtoto kuna ndoo ya maji, na kijiti kikizimika kinaingia ndani yake papo hapo. Ile sauti ya tssss watoto wameipenda kiasi kwamba imekuwa sehemu ya sherehe. Aliyebeba mtoto mchanga hashiki kijiti.

Kuna mwaka ilinyesha mvua, na jamaa mmoja akapendekeza tuwashe sebuleni ile ndogo inayotoa chemchemi ya cheche, isiyoruka wala kulia. Nilimwambia hapana kabla hajamaliza. Mwaka 2003, kwenye ukumbi wa muziki huko Rhode Island, Marekani, chemchemi za cheche za jukwaani zilishika sponji ya ukutani, wakafa watu 100. Mwaka 2013, Santa Maria, Brazili, fataki iliyowashwa ndani ya ukumbi ilishika dari, wakafa 242. Wengi waliuawa na moshi, kwa dakika chache. Sebule ina makochi ya sponji, mapazia, na mlango mmoja au miwili. Tulikaa tukasimuliana hadithi mpaka mvua ikaisha na watoto wakalala.

Masikio pia. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa kishindo cha ghafla kwa mtu mzima kuwa desibeli 140, kwa mtoto 120, na fataki kubwa ikilipuka karibu huvuka hapo. Wanangu huvaa vizuia sauti na wamezoea. Majirani nawapitia siku mbili kabla, niwaambie saa tutakayoanza na saa tutakayomaliza, na sipitilizi. Kuna mwenye mtoto mchanga, kuna mgonjwa, kuna mzee aliyepita vitani ambaye mlipuko wa ghafla humrudisha mbali. Yeye nampigia simu tena nusu saa kabla. Mbwa na paka wanaingizwa ndani mapema, mapazia yameshushwa, redio imewashwa.

Mwaka jana, boksi la tatu liligoma.

Niliwasha, nikaondoka, nikasimama nyuma ya mstari. Mdogo wangu akaanza kuhesabu na watoto wakapokea. Saba. Nane. Tisa. Kulikuwa na uzi mwembamba wa moshi, kisha haukuwepo. "Imenyamaza," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja saa. Yalikuwa yamebaki maboksi manne mazuri ambayo watoto walikuwa wameyachagua wenyewe. Nilisikia mtu mmoja akivuta pumzi kutaka kusema kitu, kisha akaiachia. Watu wakainuka, wakakunja viti, wakaingia ndani. Mimi na yeye tukabaki kwa mbali na mpira wa maji, tukiliangalia. Hatukuongea sana. Nilitazama saa mpaka dakika 30 zikapita, nikalimwagia maji kutoka mbali kwa muda mrefu, nikarudi kulimwagia tena, kisha kwa koleo la mpini mrefu, uso nimeugeuza pembeni, nikalizamisha kwenye pipa. Shura huyeyuka kwenye maji, na bila shura baruti haina nguvu, lakini maji yanahitaji muda kupenya karatasi ngumu kama ile. Likalala humo usiku kucha. Halikulipuka. Sitajua kamwe kama lingelipuka.

Asubuhi tunazunguka ua kabla watoto wadogo hawajaamka, maana vipande visivyoungua huruka mbali na huonekana kama vitu vya kuchezea. Binti wa dada yangu, ambaye sasa ana miaka kumi na minne, aliomba kuwa mmoja wa watafutaji. Alikuwa amevaa viatu vya kufunga kamba. Nikiwa upande wa pili wa nyumba nikamsikia akiita, "Mjomba! Mjomba, njoo na ndoo!"

Nilimkuta amesimama karibu na ua wa miti, mikono ameiweka nyuma ya mgongo, anatazama mrija mmoja wa karatasi uliolala kwenye majani, utambi wake mzima. Alikuwa amesimama hatua kama kumi kutoka kwake. Binamu yake mdogo alikuwa ameamka akamfuata, naye alikuwa amemsimamisha nyuma yake na kumwambia aweke mikono vile vile.